«Belgae»: Asili ya Jina na Matumizi Yake katika Kilatini

Mwanafunzi anayefungua kitabu cha kwanza cha Caesar juu ya vita vya Gallia anakuta jina «Belgae» mbele ya kumaliza mustari wa pili. Hapo, kila mwaka, mutu mumoja katika darasa anainua mukono: «Mwalimu, hawa ndio Wabelgiji waliotutawala?» Mwalimu akijibu ndiyo, amekosa. Akijibu hapana, amekosa vilevile. Jibu la kweli ni refu kidogo, na kwa sisi tunaokaa Kolwezi lina faida kupita ile ya mutihani wa Kilatini.

Tuanze na Caesar mwenyewe. Anaeleza kwamba Gallia ina sehemu tatu: Belgae wanakaa katika moja, Aquitani katika ya pili, na katika ya tatu wanakaa watu ambao kwa lugha yao wanajiita Celtae, lakini kwa Kilatini wanaitwa Galli. Angalieni neno hili la mwisho. Tangu ukurasa wa kwanza mwandishi anatuonya, pengine bila kukusudia, kwamba taifa moja laweza kuwa na majina mawili: moja la nyumbani, lingine la kinywa cha wageni. Juu ya Belgae hasemi kama walijiita hivyo wenyewe. Mito miwili, Matrona na Sequana (leo Marne na Seine), inawatenga na Galli. Upande mwingine wanafika mupaka karibu na muto Rhenus. Kwa hiyo inchi yao haikuwa Ubelgiji wa leo tu. Sehemu kubwa yake iko leo katika kaskazini ya Ufaransa. Miji ya Reims, Amiens, Beauvais, Soissons na Arras ilipata majina yake kwa makabila ya Belgae: Remi, Ambiani, Bellovaci, Suessiones, Atrebates.

Caesar anawasifu Belgae kuwa hodari kupita wote, na Wabelgiji wa siku zetu waliipenda sifa hiyo sana. Sababu anazotoa ni za namna nyingine. Anasema walikaa mbali na maendeleo ya Provincia ya Waroma, wachuuzi hawakufika kwao mara nyingi kuleta vitu vinavyolegeza moyo, na walipigana bila kupumzika na Wagermani wa ngambo ya Rhenus. Kwa maneno mengine, walikuwa hodari kwa sababu duka lilikuwa mbali.

Neno lenyewe latoka wapi? Wataalamu wengi wanalitoa katika mzizi wa Kiselti «belg-» ao «bolg-», maana yake kuvimba. Kiirlandi cha zamani kina «bolg», yaani mufuko ao tumbo. Festus, mwandishi wa Kilatini, anashuhudia kwamba Wagalli waliita mufuko wa ngozi «bulga», na Waroma wakalichukua neno hili. Mufuko ni kitu kinachovimba kikijazwa. Lakini mutu naye anavimba: katika Kiswahili chetu tunasema fulani amevimba kwa hasira, wala hakuna anayefikiri ugonjwa. Kiflama kinafanya vilevile, maana «verbolgen» ni mutu aliyekasirika sana, na ni neno la ukoo huohuo. Basi «Belgae» yaelekea kuwa «waliovimba», watu wenye hasira ya vita ao wenye kiburi cha vita. Tena mwaka 279 mbele ya Kristu jeshi la Wagalli lilishinda na kumuua mufalme wa Makedonia, Ptolemaios aliyeitwa Keraunos. Mukubwa wa jeshi hilo anaitwa Bolgios kwa Kigiriki, na Belgius katika kitabu cha Justinus. Jina moja, irabu mbili. Hii inaonyesha kwamba «belg-» na «bolg-» zilikaa pamoja katika lugha yao.

(Kwa ekonomi wa semineri: kutoka «bulga» Kifaransa cha zamani kilipata «bougette», mufuko mudogo wa feza. Waingereza wakaliazima, wakalirudisha Ufaransa likiwa «budget». Kila mara anapotukatalia karatasi kwa sababu ya bajeti, anasema neno la Wagalli.)

Kwa sarufi hakuna shida. «Belga» ni jina la namna ya kwanza, lakini ni la kiume, kama «nauta», «agricola» na «propheta». Kwa wingi «Belgae», «Belgarum». Sifa yake ni «Belgicus, -a, -um». Vergilius anaitumia katika kitabu cha tatu cha Georgica juu ya gari la vita. Kutoka sifa hiyo lilitoka jina la jimbo, «Belgica», na neno «Gallia» linafahamika hata lisipoandikwa. Lakini kuna neno la tatu, «Belgium», na hapa ndipo wanafunzi wengi wanateleza. Caesar analitumia mara chache, na maana yake si inchi yote ya Belgae. Ni sehemu yake tu, kama inchi ya Bellovaci, ya Ambiani na ya Atrebates. Neno ambalo leo linaonekana kubwa kuliko yote lilianza likiwa dogo kuliko yote.

Jambo hili lisitushangaze. «Katanga» zamani ilikuwa jina la mufalme mumoja na inchi yake ndogo, katika bonde la Lufira. Wachuuzi walilibeba, wazungu wakaliandika kwenye karata, na mwishowe likafunika provense ya kilometa za mraba karibu 497.000. Mobutu akalibadilisha kuwa Shaba. Likarudi mwaka 1997. Mwaka 2015 provense ikakatwa vipande vine, na sisi tukawa watu wa Lualaba. Katika mabadiliko yale yote mutu wa Musonoi hakuhama nyumba yake.

Sasa tuje kwenye swali gumu. Belgae walikuwa watu wa damu gani? Katika kitabu cha pili Caesar anasimulia kwamba aliwauliza wajumbe wa Remi, nao wakamujibu kwamba wengi wa Belgae walitoka kwa Wagermani, walivuka Rhenus zamani za kale kwa sababu ya udongo muzuri, wakawafukuza Wagalli waliokaa pale. Wanafunzi wanalisoma jibu hilo kama vile ni ukurasa wa kitabu cha historia. Lakini waangalie ni nani anayesema, na anasema na nani. Ni mwaka 57 mbele ya Kristu. Remi wamekwisha kujitoa kwa Waroma bila vita. Wanamuhesabia mushindi jirani zao, kabila kwa kabila, pamoja na hesabu ya askari: Bellovaci wameahidi 60.000, Nervii 50.000. Watu wa namna hii wana sababu nyingi za kusema kwamba hao wengine ni wageni na wakali. Wazee wetu walijua maneno ya namna hii, waliosimama mbele ya meza ya administrateri alipouliza: «Nani mwenye inchi hapa? Nani alikuja nyuma?»

Tena majina yenyewe hayakubaliani kabisa na habari ya Remi. Amiens wakati ule uliitwa Samarobriva, na «briva» ni daraja katika lugha ya Wagalli: daraja ya muto Samara, leo Somme. Ambiorix, mufalme wa Eburones, ana jina la Kigalli pia, hali Caesar anawahesabu Eburones kati ya wale wanaoitwa kwa jina moja «Germani». Pengine babu walivuka muto kweli, na wajukuu wakachukua lugha ya wenyeji. Pengine wachache tu walivuka. Inawezekana pia kwamba neno «Germani» halikuwa na maana tunayoifikiri leo.

Hapa kwetu tuna mufano ambao haukuhitaji karne nyingi. Katikati ya karne ya 19 Msiri, muzaliwa wa Usumbwa, upande wa magaribi ya Tanzania ya leo, alikuja na watu wake kutafuta pembe za ndovu na shaba. Akajenga Bunkeya, akatawala mupaka siku alipouawa, tarehe 20 Desemba 1891. Watu wake wanaitwa Bayeke. Neno hili halikuwa jina la kabila. Kwa Wanyamwezi na majirani zao lilikuwa jina la chama cha wawindaji wa ndovu. Walifika wakiwa na jina la kazi, na katika inchi ya Basanga jina la kazi likawa jina la taifa. Kisha wakaoa wanawake wa pale, na leo Bayeke wengi nyumbani wanasema Kisanga. Kama siku moja mutaalamu wa mbali atakuta maneno mawili tu, «Bayeke» na «Kisanga», atapata shida ileile tunayopata sisi juu ya Belgae.

Kuna neno lingine tunalopaswa kulipima. Caesar anayaita makundi haya «civitates». Mapadri na mafrera waliotufundisha Kilatini walilitafsiri kwa Kifaransa «peuples» ao «cités». Lakini makundi ya namna ileile, yakiwa Katanga, yalipewa neno «tribu». «Tribus» katika Kilatini cha Roma haikuwa kundi la damu moja: wananchi wa Roma walikuwa na tribus 35, na mutu alipiga kura ndani ya ile yake, karibu kama sisi tunavyoandikwa katika komini. Maana ya ukoo wa damu ilikuja zaidi na Biblia ya Kilatini, iliyoita «duodecim tribus» makabila kumi na mawili ya Israeli. Basi neno la uandikishaji likavaa nguo ya Yakobo na wana wake, kisha wakatuvika sisi. Nafikiri katekista anapofundisha habari za makabila ya Israeli afanye uangalifu, watoto wasifikiri kwamba kabila ni kitu kilichoumbwa siku ya sita.

Historia ya jina kisha Caesar twaweza kuipita kwa mbio, isipokuwa pale inapogusa Eklezia. Augustus alifanya Belgica kuwa provincia. Wakati wa Diocletianus ikagawanywa: Belgica Prima, muji wake Trier, na Belgica Secunda, muji wake Reims. Klovis alipoanza kutawala Wafranki, Mutakatifu Remigius, askofu wa Reims, alimuandikia barua na kutaja kwamba amepokea uongozi wa Belgica Secunda. Kisha hapo jina lililala. Watu wa kawaida hawakujiita Belgae tena. Walikuwa watu wa Flandria, wa Brabantia, wa Leodium. Neno lilibaki katika vitabu vya wasomi.

Karne ya 16 wasomi wakaliamsha. Walihitaji neno la Kilatini kwa provense zote kumi na saba za Inchi za Chini, wakachukua «Belgium» na «Belgica». Zilikuwa pamoja na Uholanzi wote. Ndiyo maana «Confessio Belgica» ya mwaka 1561 ni ungamo la Wakalvini, si la Wakatoliki wa Bruxelles. Mwaka 1583 Michael Aitsinger alichora inchi zile zote katika umbo la simba mumoja, «Leo Belgicus». Wayezuiti, mwaka 1612, waligawanya provense yao kuwa Flandro-Belgica kwa wenye kusema Kiflama, na Gallo-Belgica kwa wenye kusema Kifaransa. Mutakatifu Yoane Berchmans alikuwa wa ile ya kwanza. Ona namna «Belgica» hapa haitengi lugha: inafunika zote mbili, na neno lingine linaongezwa mbele yake kusudi kutenganisha.

Mwaka 1830 watu wa kusini walipojitenga na mufalme wa Uholanzi, walihitaji jina ambalo halikuwa la Waflama peke yao wala la Wawaloni peke yao. Jina la zamani lilikuwa pale, safi, bila mwenyewe. Walilichukua pamoja na mashujaa wake: mwaka 1866 huko Tongeren wakasimamisha sanamu ya Ambiorix. Na hao Wawaloni wana hadisi yao. Jina lao linatoka katika neno la Kigermani lenye maana ya «mugeni», na neno hilo lilitoka kwa kabila moja la Kigalli, Volcae, ambalo Wagermani walipakana nalo. Jina la jirani mumoja likawa jina la kila mugeni. Ndilo neno walilopewa pia watu wa Wales huko Uingereza, na wale wa Valachia huko Rumania. Hivi inchi ya Ubelgiji ina jina la Wagalli lililookotwa katika vitabu, na sehemu ya wananchi wake wanaitwa «wageni» kwa jina la Wagalli wengine.

Mwaka 1908 jina likaingia kwetu: «Congus Belgicus». Kwa miaka 52 maandiko ya Roma juu ya inchi hii yalitumia maneno hayo, hata tarehe 10 Novemba 1959, Papa Yoane XXIII alipoanzisha majimbo ya kiaskofu yenye haki zote. Miezi minane haikupita, sifa «Belgicus» ikaanguka. Mapadri waliokuja, kwetu walikuwa «Babelgiji» wote, hali kwao walijua sana nani ni Muflama na nani ni Muwaloni. Padri Placide Tempels, Mufransisko, alikuwa Muflama. Mwaka 1953 alifika kwenye kambi ya Musonoi, hapa Kolwezi, na pale ikazaliwa Jamaa. Katika kambi ile walikaa watu waliotoka pande zote, walioitwa na kompanyi kwa ajili ya shaba: wa Kasai, wa Lomami, wa Luapula, wa inchi ya Balunda. Neno walilolichagua kwa kuitana halikuwa la kabila lolote. «Jamaa» ni neno la Kiswahili, nacho Kiswahili pale kilikuwa mugeni kama wao.

Kumbukeni hayo, kwa sababu Kolwezi hii hii iliona pia jambo la kinyume. Mwaka 1992 Likasi, na mwaka 1993 hapa, watu walioitwa Bakasai walifukuzwa kwenye nyumba na kazi zao. Walilala majuma na miezi kwenye stasioni ya gari la moshi, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, ambako wengi wao walikuwa hawajafika hata siku moja. Wengi walikufa, wazee na watoto kwanza. Waliitwa «bilulu», wadudu. Neno lililofanya kazi ile lilikuwa la Kifaransa, «originaire», lakini hoja yake ni ileile ya Remi mbele ya Caesar: huyu ni wa hapa, yule alivuka muto. Hesabuni miaka. Bayeke, ambao hakuna aliyewauliza kitu siku zile, na ilikuwa haki wasiulizwe, walitoka Usumbwa katikati ya karne ya 19. Baba na babu za Bakasai waliandikwa na Union Minière katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Muji wenyewe wa Kolwezi ulianza mwaka 1937. Ukichukua muji wenye umri wa miaka 56 na kutafuta ndani yake mwenyeji na mugeni kwa jina la kabila, unatafuta kitu ambacho jina halikibebi.

Eklezia katika kutaja majimbo yake ilifuata njia mbili. Ulaya maaskofu walichukua jina la muji, na muji ulikuwa umekwisha kula jina la kabila: askofu wa Amiens ni «Ambianensis», wa Reims «Remensis», na hakuna anayeuliza leo nani ni Ambianus wa kweli. Katanga hatukupitia huko. Provikariati ya kale ziliitwa kwa mito na kwa inchi, kama Lulua, na majimbo ya leo yanaitwa kwa miji na fasi: Lubumbashi, Kolwezi (tangu tarehe 11 Machi 1971), Kamina, Kongolo, Manono, Kilwa-Kasenga. Hakuna jimbo la Baluba wala la Balunda. Sijui kama wale walioyachagua majina haya walifikiri mbali namna hii. Labda waliangalia tu karata na posta. Hata hivyo walifanya vema.

Turudi kwenye Kilatini, maana mutihani hauko mbali. Mwanafunzi anayekuta moja ya maneno haya asikimbilie kuandika «Ubelgiji». Atazame kwanza mwaka wa maandiko. Kwa Caesar aache «Belgae» kama lilivyo, ao aseme «Wabelga», na «Belgium» aitafsiri kuwa sehemu tu ya inchi yao. Katika barua ya Mutakatifu Remigius «Belgica» ni provincia ya Waroma, upande wa Reims. Kwa Wayezuiti wa karne ya 17 ni Inchi za Chini. Ni kisha mwaka 1830 tu ndipo «Belgium» ni Ubelgiji tunaoujua. Mufano mumoja utatosha kuonyesha hatari. Mutakatifu Isaac Jogues, Muyezuiti aliyeuawa na Wairoki mwaka 1646, aliandika mwaka uleule habari fupi yenye jina «Novum Belgium». Mutu akiandika «Ubelgiji Mupya» na kuacha hapo, musomaji atamutafuta mutakatifu huyo Bruxelles, ao pengine Kinshasa. Jogues alikuwa anaeleza koloni la Waholanzi huko Marekani, na muji mukubwa wa pale, juu ya kisiwa cha Manhattan, ndio leo New York. Anasimulia kwamba mukubwa wa koloni alimuambia kuwa kwenye kisiwa kile kidogo watu walisema lugha kumi na nane.